Mnawala Lini? Maisha na Sungura Wawili wa Tabata

Kila mgeni anayeingia uwani kwetu ana swali lile lile: "Hawa mnawala lini?" Nikikaa kimya ataongeza kwamba nyama ya sungura haina mafuta, hata wenye presha wanashauriwa. Sibishani naye. Karibu wote ninaowajua wanaofuga sungura hapa Dar wanafuga kwa ajili ya nyama, au kwa ajili ya mkojo ambao wakulima wa mboga wanaununua kama mbolea, na wengi wao wamewashika sungura wengi kuliko nitakaowashika mimi maisha yangu yote. Mimi nina habari nyingine: kuishi mjini, kwenye nyumba ya kupanga, na sungura wasio na kazi yoyote, mpaka uzee uwachukue. Sungura anayetunzwa vizuri hufika miaka 8, hata 10 na zaidi. Binti yangu yuko darasa la tatu. Huenda akamaliza kidato cha nne hawa bado wanatafuna.

Walikuja katikati ya mwaka 2023. Jirani yetu mwalimu alipata uhamisho kwenda Sumbawanga, na lori la mizigo kwa umbali ule si safari ya sungura. Alikuwa na dume wa kahawia, ambaye wanawe walimwita Kashata, na jike mweupe mwenye madoa meusi, Doa. "Chukua wewe," aliniambia, "la sivyo leo leo wanaingia kwenye sufuria ya hawa vijana wanaonipakilia." Nikawachukua pamoja na banda lao la mbao na nusu gunia la pumba za mahindi.

Lile gunia la pumba ndilo lililonifanya nianze kuulizauliza. Mwalimu alikuwa akiwapa pumba asubuhi na jioni, karoti mchana, na majani siku yakipatikana. Ndivyo wafanyavyo wengi, na sungura hunenepa kweli. Kwa anayechinja baada ya miezi minne hakuna hasara. Kwa sungura wa kukaa naye miaka, mambo yanageuka, na sababu iko kinywani. Meno yake, yote 28, hayaachi kuota. Yale ya mbele yakiachwa bila kusagika yanaweza kurefuka sentimita 10 na zaidi kwa mwaka. Kinachoyasaga ni majani yenye nyuzinyuzi ngumu, yanayotafunwa saa baada ya saa kwa taya kwenda kushoto na kulia. Pumba humung'unywa mara mbili tatu na kumezwa. Meno ya nyuma yakirefuka huchoma ulimi na mashavu, na hapo utaona sungura anakwenda kwenye chakula, anakinusa, anarudi nyuma. Watu husema "anadeka."

Utumbo nao unaendeshwa na nyuzinyuzi hizo hizo. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia nyingine ila kwenda mbele, na kinachokisukuma ni majani. Kwa hiyo siku hizi chakula chao, karibu chote, ni nyasi: kavu muda wote, mbichi asubuhi na jioni. Peleti za dukani nazipima, kama gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa sungura kwa siku, yaani kiganja kimoja kwa kila mmoja, basi. Karoti imekuwa peremende. Ina sukari nyingi, na picha za katuni zimeisingizia mengi.

Nyasi kavu mjini ni kazi kuzipata kuliko mtu anavyodhani. Kuna shamba la serikali la malisho huko Vikuge, Kibaha, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huagiza marobota ya namna ile. Mimi nimeungana na mfugaji mmoja wa Kinyerezi. Akileta zake ananikatia sehemu ya robota, naiweka kwenye gunia la katani juu ya mbao ili isipate unyevu. Robota nalinusa kabla ya kulipa. Likinuka ukungu silichukui hata kwa bure. Majani mabichi analeta kijana wa guta anayewauzia wenye ng'ombe, na tulichukua muda kuelewana. Nyasi za kando ya barabara sitaki, zina oili na mikojo ya mbwa. Za bonde la mto Msimbazi pia sitaki, maji yake ni machafu, na kila mkazi wa Tabata anajua hilo. "Dada, ng'ombe wanakula hizi hizi," aliniambia. Nikamwambia ng'ombe na wale, wangu ana kilo mbili na nusu. Sasa analeta ukoka na majani ya tembo kutoka shamba moja huko Kifuru, na akikutana na mchunga au kishonanguo ananichomekea fungu bila kuongeza bei. Mchunga ukifika, Doa husimama kwa miguu ya nyuma kabla sijafungua mlango.

Matembele nayo wanapata, na mchicha kidogo, kwa kupokezana. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya mparachichi hayaingii kabisa uwani mwao, yana sumu. Kuna mtu alinisifia lusina, ule mti wa malisho, kwamba inanenepesha. Ukweli ni kwamba lusina ikizidi huwapukutisha manyoya, basi nami nikaiacha kwa mbuzi.

Halafu kuna hili la maji. Nimelisikia kwa watu wazima wenye akili zao: sungura hanywi maji, maji yanamuua, anatosheka na umande wa majani. Sungura anahitaji maji mililita 50 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na joto la Dar linapandisha hapo. Bakuli zito la udongo, lisilopinduka, linajazwa asubuhi na jioni, na jioni ya mwezi wa pili unakuta limebaki tope la majani tu. Nadhani imani hiyo imetokana na sungura wanaolishwa majani mabichi matupu mahali penye baridi, ambao hunywa kidogo kwa sababu majani yana maji. Kwa anayelishwa pumba na nyasi kavu, kumnyima maji ni kumwua polepole.

Sasa nije kwenye kinyesi, maana nikizungumzia sungura ndicho ninachokizungumzia zaidi, na mume wangu ameshakataa kukaa karibu nami wageni wakiuliza.

Sungura ana vinyesi vya aina mbili. Kuna vile vigololi vikavu vya mviringo ambavyo kila mtu anavijua: havinuki, ukikivunja kimoja ndani unaona vipande vya nyasi. Na kuna vishada laini, vyeusi, vinavyong'aa, ambavyo huwezi kuviona kwa sababu anainamisha kichwa na kuvila moja kwa moja vinapotoka. Mara ya kwanza binti yangu alipomwona Doa akifanya hivyo alipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Ni chakula. Kwenye utumbo wa sungura kuna mfuko mkubwa ambamo bakteria huchachusha majani na kutengeneza protini na vitamini za kundi B, lakini mfuko huo uko baada ya utumbo mwembamba, mahali ambapo virutubisho vingeweza kufyonzwa. Basi anavipitisha mara ya pili. Ukivikuta vimesagika sakafuni, au vimegandamana kwenye manyoya ya nyuma, ujue lishe ina wanga mwingi na nyasi chache, au ni mnene kiasi kwamba hafiki, au mgongo unamuuma.

Vile vigololi vikavu navyo vinasomeka. Vikubwa, vya rangi ya kahawia iliyopauka, vingi: utumbo unakwenda. Vidogo, vyeusi, vichache: kuna jambo. Vimeungana kwa nywele: anajipangusa sana, manyoya yanabadilika, ongeza nyasi na maji, mchanue. Mharo wa maji kwa kitoto ni mbio kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nasisitiza haya kwa sababu sungura hana njia nyingine ya kusema. Mbwa akiumwa analia. Kuku anajikunyata kila mtu anaona. Sungura ni mnyama anayewindwa na kila kitu, kuanzia nguchiro hadi mwewe, na tangu azaliwe anajua kwamba anayeonekana dhaifu ndiye anayechukuliwa kwanza. Anaficha ugonjwa mpaka anaposhindwa kuuficha, na siku hiyo mara nyingi imebaki saa chache.

Siku ya Kashata ilikuwa Jumapili. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na sherehe mtaa wa pili, spika zimeelekea kwetu, mpaka alfajiri. Nilipotoka na majani, Doa alinijia mbio. Kashata alibaki kona ya nyuma, amejikunja, tumbo amelikandamiza sakafuni, macho nusu yamefumba. Nikamsogezea jani la tembele puani, akageuza kichwa. Nikainama karibu kabisa, nikasikia meno. Sungura aliyetulia ukimkuna paji la uso husaga meno kidogokidogo, kwa haraka, unaisikia zaidi kwa kidole kuliko kwa sikio. Haya yalikuwa mazito, yanasagana, yanasimama, yanasagana tena. Hayo ni maumivu. Kwenye beseni lake vigololi vya usiku vilikuwa kama mbegu za papai, na vya mwisho vilikuwa vimekauka.

Utumbo ulikuwa umesimama. Unaweza kusimama kwa hofu, kwa joto, kwa kukosa maji, kwa maumivu ya jino, kwa lishe mbaya. Ukisimama gesi inajaa, gesi inauma, maumivu yanamfanya asile, na kutokula kunazidi kuusimamisha. Sungura mzima aliyepitisha saa 12 bila kula ni dharura, tena kubwa. Jirani mmoja, mtu mwema, alikuja na kapsuli za amoksilini alizokuwa nazo ndani: "Mfungulie moja kwenye maji, atapona." Nilikuwa nimeshasoma habari hiyo, na kila mfugaji ningependa aijue kabla ya kitu kingine chochote: amoksilini, ampisilini na dawa za jamii ya penisilini zikipitishwa mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, wale wabaya wanashamiri na kutoa sumu, naye hufa kwa kuharisha siku chache baadaye, wakati wewe unadhani ugonjwa ulimzidi. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil nayo ni sumu kwake.

Daktari alimpapasa tumbo kwanza, kuhakikisha hakuna kilichoziba, maana ukimlazimisha kula aliyeziba unaweza kumpasua. Akampa sindano ya maumivu, akamwekea maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, kati ya mabega, mpaka ikavimba kibonge laini. Nyumbani kazi ilikuwa yetu: peleti zilizolowekwa zikapondwa na maji ya vuguvugu, bomba la sindano lisilo na ncha, linaingizwa pembeni nyuma ya meno ya mbele, kidogo, unasubiri atafune, kidogo tena. Baada ya kila mlo nilimweka chini atembee na kumsugua ubavu taratibu. Mume wangu alikuwa akishika taa ya simu. Karibu na adhana ya alfajiri vikatoka vigololi vitatu, vidogo, vimepinda, na nikamwamsha binti aje kuviona.

Kupata daktari yule nako kuna hadithi yake. Madaktari wa mifugo wapo wengi, wazuri, lakini wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na sungura wa kutibiwa badala ya kuchinjwa ni mgeni kwao. Nilipotaka kumhasi Kashata, wa kwanza niliyemwendea alinipa maelekezo: "Asile chochote tangu jioni." Kwa mbwa hiyo ni sahihi, kwa sababu mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi anaweza kutapika na kupaliwa. Sungura hatapiki, na kumlaza njaa usiku kucha ni kuutafutia utumbo wake sababu ya kusimama. Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili, aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, nilimuuliza swali hilo hilo la chakula kabla sijamweleza lolote. Akasema, "Mletee na majani yake, akizinduka tu ale." Nikabaki naye. Swali hilo moja linatosha kumjua daktari wa sungura, nimelitumia tena kwa ajili ya dada yangu wa Arusha.

Na kumhasi kulitokana na nini? Doa alifika kwetu tayari ana mimba. Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32. Siku moja nikamwona anabeba nyasi mdomoni, masharubu marefu ya majani pande zote mbili, anarudi kona ile ile mara kwa mara. Usiku akaanza kujing'oa manyoya ya kifuani na kuyatandika. Hapo hapo tukamhamisha Kashata, maana sungura jike hana kipindi maalumu cha kutaka dume kama mbwa. Yai hutoka kwa kupandwa kwenyewe, na anaweza kushika mimba siku ile ile aliyojifungua. Asubuhi kwenye sanduku kulikuwa na rundo la manyoya linalopumua. Ndani vitoto sita, uchi, macho yamefumba.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Korogwe. Alikaa uwani na kahawa yake asubuhi nzima akimwangalia Doa anakula majani mbali na sanduku. "Mwanangu, huyu amewatupa wanawe. Hanyonyeshi." Nikamweleza kwamba hunyonyesha mara moja kwa siku, mara mbili akizidi, dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri, kukaa mbali na kiota ndiyo namna yake ya kuwaficha na wanyama wakali. Hakuniamini. Kesho yake akaamka kabla ya alfajiri, akajificha nyuma ya pipa la maji, na alipoingia jikoni alisema tu, "Amenyonyesha," kama mtu aliyepoteza dau. Kipimo chetu kilikuwa matumbo: kitoto kilichonyonya tumbo lina mviringo na limekaza, kisichonyonya ngozi ina mikunjo. Tulivigusa kila siku, kwa mikono iliyonawa na kusuguliwa kwenye nyasi za mama yao. Hakumtupa hata mmoja.

Hofu ilikuwa siafu. Siku zile walikuwa wakihama kutoka kila shimo. Miguu minne ya banda tukaisimamisha kwenye makopo ya maziwa yaliyojazwa oili chafu ya gereji, na kila jioni kuangalia kama kuna jani au ukuti umeegemea banda na kuwawekea daraja. Kunguru tuliwazuia kwa wavu wenye matundu madogo, panya vilevile. Macho ya vitoto yalianza kufunguka siku ya kumi hivi, na wiki ya tatu vikawa vinaruka nje ya sanduku na kuingia kwenye bakuli la maji.

Kuwagawa kulinitesa kuliko kuwalea. Walipofikisha wiki nane simu zilikuwa nyingi, na kila aliyesema "ni wa watoto kuchezea" nilimwuliza banda liko wapi, nyasi utapata wapi, nani atawaangalia mkisafiri. Wawili walikwenda kwa mwenye shule ya chekechea, wawili kwa mpangaji wa Kimara. Wawili wa mwisho alichukua fundi wa banda, na aliniambia wazi kwamba dume atamla mwakani. Nilimpa. Alikuwa na banda zuri kuliko wote, na hakunidanganya. Baba watoto mpaka leo anasema nilifanya ubaguzi, kwamba angeniomba Doa kwa masharti yale yale ningekataa. Ni kweli ningekataa.

Baada ya kuhasiwa, Kashata alikaa peke yake wiki sita, kwa sababu mbegu za kiume hubaki mwilini muda baada ya upasuaji. Kuwarudisha pamoja hakukuwa kufungua mlango na kuwaachia. Doa alishaliona banda ni lake, angemrarua. Tuliwakutanisha bafuni, mahali pasipo na harufu ya yeyote, dakika kumi, kesho yake zaidi, nikiwa na taulo mkononi la kuwatenganisha. Kukimbizana kulikuwapo, na manyoya kidogo hewani. Mpaka siku moja Doa akainamisha kichwa chini ya kidevu cha mwenzake akasubiri alambwe paji, na akalambwa.

Joto nalo. Sungura asili yake ni Rasi ya Iberia, Hispania na Ureno, si Mwambao. Hatoi jasho. Joto hulitolea masikioni, ndiyo maana mchana wa Januari ukiyashika yanachoma. Likipita nyuzi 28 anaanza kuteseka, na Dar nyuzi 32 kivulini ni jambo la kawaida. Tulipopata mgao wa umeme mwishoni mwa 2023, feni ikawa pambo. Kilichotuokoa ni chupa za maji zilizogandishwa kwa jirani mwenye jenereta, zimefungwa kwenye kanga kuukuu, wanalala wameziegemea. Masikio kupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Na banda kuhamishiwa ukuta wa mashariki, chini ya mwembe, penye kivuli kuanzia saa tano. Bati tulifunika makuti. Huyo wa kahawia akilala amejinyoosha, miguu ameitupa nyuma, yuko sawa. Akipumua kwa mdomo wazi, hana dakika za kupoteza.

Mengine ni madogo. Sakafu ya wavu mtupu inawatoboa nyayo, kwa sababu wayo wa sungura hauna vitakia vya ngozi kama wa paka, una manyoya tu. Weka ubao na nyasi. Wanakojoa kona moja, kwa hiyo beseni la plastiki lenye maranda na nyasi juu litakuokoa kufagia. Chaja za simu zinaliwa. Mkojo ukiwa mwekundu baada ya majani fulani, kabla ya kulia, angalia: rangi ikiwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, aghalabu ni rangi ya mimea, madoa au mabonge ya damu ndani ya mkojo wa kawaida ni hospitali. Na kumnyanyua kwa masikio, kama wanavyofanya sokoni, ni ukatili mtupu. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, karibu na mwili wako, maana akirusha teke hewani ana nguvu ya kujivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowakatisha tamaa wazazi. Mtoto mdogo anataka kitu cha kukumbatia, na sungura karibu wote wanachukia kunyanyuliwa. Mikono inayotoka juu kwake ni mwewe. Binti yangu alilia mwezi wa kwanza kwa sababu "hawanipendi." Nikamwambia akae chini sakafuni na kitabu chake, asiwaite. Alikaa siku nyingi kabla Kashata hajaja kumsugua soksi kwa kidevu, maana kidevuni sungura wana tezi ya harufu. Anakutia alama kwamba wewe ni mali yake. Sasa hukaa nao kila jioni akifanya hesabu. Kuwabeba hawabebi. Mtoto asiyeweza kukaa hivyo, mnunulieni kuku.

Krismasi iliyopita tulikwenda Korogwe, tukamwachia sungura mpwa wangu wa chuo. Nilimwandikia karatasi moja, nikaibandika kwenye friji. Mstari wa kwanza: "Asubuhi angalia kinyesi kabla hujawaangalia wenyewe, na nitumie picha." Kijana ni mtiifu. Kila saa moja asubuhi, tukiwa mezani kwa mama mkwe na chai na maandazi, simu inalia, picha ya beseni imeingia, wazi kabisa, imepigwa kwa karibu. Siku ya tatu mama mkwe akainyosha shingo. "Nini hicho mnachoangalia kila asubuhi?"

"Sungura, mama. Wamelala vizuri."

Akavaa miwani, akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Vya leo vikubwa kuliko vya jana," akasema, akaniomba nimpitishie sukari.